Fimbo Juu ya Kokoto

Sura ya Kumi na Moja

Sajini Ineke Postma aliegesha gari nyuma ya lori kuukuu la Rosalind Thiessen, akazima injini na kuiacha simu ilie mpaka ichoke. Alimjua anayepiga. Inspekta Corrigan alikuwa ameshasema yote jana: mwanamke huyu ashtakiwe kwa mauaji kabla ya saa sita mchana, leo Jumamosi, la sivyo Ineke arudi barabarani akapime mwendo wa magari. Shahidi yupo. Sababu ipo. Vitisho vilisikiwa na watu ishirini ndani ya mgahawa. Kimebaki nini?

Kilichobaki kilikuwa ndani ya bahasha kwenye kiti cha abiria, nacho ni picha ya fimbo ya kuvulia samaki imelala juu ya kokoto. Ofisa wa vielelezo alikuwa ameandika chini yake: "Fimbo moja na gurudumu lake. Hali nzuri." Ineke alikuwa ameikodolea macho kwa siku nne na bado hakujua ni kitu gani ndani yake kinachomkera. Hakuwahi kuvua samaki hata siku moja. Kwao walifuga ng'ombe wa maziwa, na mto ulikuwa mahali pa kumtafutia ndama aliyepotea.

Akaitia bahasha ndani ya koti, akateremka.

Mto Pennock ulikuwa umeshuka tangu mvua ya Jumatatu na maji yake yalikuwa ya kijani, rangi ambayo watu wa huku huombea kila Novemba, maana ndiyo inayowapandisha samaki wa stilihedi kutoka ziwani. Rosalind, ambaye wote walimwita Ros, alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka mapajani, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Ana miaka hamsini na sita. Alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, kiwanda kikafungwa, naye akaihamishia mashine ya kukerezea vyuma kwenye gereji yake akaanza kutengeneza magurudumu ya kuvulia. Wavuvi waliyaita pini, na pini za Ros zilisubiriwa miaka miwili.

"Umekuja na pingu?" aliuliza bila kugeuka.

"Ziko garini."

"Basi kazilete, au uniache nivue. Maji mazuri hayakai wiki nzima yakikusubiri wewe."

"Alistair Penhale amekufa, Ros."

"Najua amekufa! Nilimwambia mbele ya watu kwamba nitamzamisha, na angekuwa hapa leo ningemwambia tena. Miaka kumi na tisa nimevua mahali pangu, sikumwonyesha mtu. Yeye nilimwonyesha kwa kuwa alikuwa rafiki yangu, naye akapiga video akaionyesha dunia nzima. Unataka niombe radhi? Siombi. Andika hivyo, kwa herufi kubwa."

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Gerejini, peke yangu, nakereza. Nimeshakwambia mara tano. Hata ukiniuliza mara ya sita, sitakuwa nimepata mtu wa kunishuhudia."

Ineke akakaa juu ya jiwe, akaanza kuvaa suruali ya mpira aliyoiazima kwa shemeji yake. Ilikuwa kubwa kwake kiasi cha kumtosha na ng'ombe mmoja.

Ros akageuka sasa. "Unafanya nini?"

"Nataka unifundishe."

"Mwalimu Prudhomme ana darasa la wanaoanza kila Jumamosi saa nne. Bure, na chai juu. Nenda kwake." Akatema mate majini. "Si ndiye rafiki yenu siku hizi?"

Wendell Prudhomme ndiye aliyekuwa shahidi. Mwenyekiti wa chama cha wavuvi, mwalimu mstaafu, mtu ambaye nusu ya mji wa Kilbrae aliifundisha hesabu na nusu nyingine aliifundisha kuvua. Alikuwa ameapa kwamba alimwona Ros akimsukuma Alistair majini.

"Nataka nifundishwe na mtuhumiwa," alisema Ineke.

Ros akacheka kicheko kifupi cha hasira. "Haya, njoo, Sajini. Ukizama na wewe, watasema ni mimi."

Somo lilianza kwa matusi na likaendelea hivyo. Ros alimpa fimbo ndefu ya futi kumi na tatu, na chini yake gurudumu la chuma jepesi, pana kama sahani ya chai.

"Lizungushe."

Ineke alilisukuma kwa kidole. Likazunguka bila sauti, likaendelea kuzunguka, likakataa kusimama.

"Halina breki," alisema Ros. "Linakaa juu ya pini moja na hakuna kinacholishika. Breki ni kidole gumba chako. Samaki akikimbia, unalibana kwa kidole. Ukibana sana, mshipi unakatika. Usipobana, anarudi ziwani na kila kitu chako. Umeelewa?"

"Na hili boya?"

"Boya ndilo linalosema kina. Kutoka boya mpaka kwenye ndoana, urefu uwe pungufu kidogo ya kina cha maji, ili chambo kipite juu ya mawe, kwenye pua ya samaki. Maji ya futi tano, boya lako linakaa futi tano kasoro. Ukienda kwenye maji mengine, unalisogeza. Mtu asiyesogeza boya anaosha mayai tu."

Chambo kilikuwa mayai ya samaki, yamefungwa ndani ya kitambaa cha wavu chekundu, kifurushi kidogo kuliko njugu. Ros alilirusha boya kwa mkono wa Ineke, likatua, likasimama wima, likaanza kuteremka na mto huku gurudumu likilegeza mshipi taratibu.

"Usilivute. Liende kama maji yanavyokwenda. Samaki huyu si mjinga, chakula hakimpiti mbio wala hakimsubiri. Umelishika! Kwa nini umelishika? Nimesema liache!"

"Nimeliacha!"

"Umelishika kama mtu anayeshika mume asiende baa. Rudia."

Akarudia. Mara ya sita boya liliteremka vizuri, hatua arobaini, Ros akanyamaza, na kwa Ros kunyamaza ni sifa. Ndipo simu ikatetemeka tena mfukoni. Ineke alirudi ukingoni, akailaza fimbo juu ya kokoto na kuitoa simu.

"Uko wapi?" Corrigan alifoka.

"Darasani, afande."

"Darasa gani? Nimekwambia kabla ya saa sita..."

"Nimesikia, afande. Sasa hivi ni saa mbili na nusu."

"Jino!" Ros alikuwa akipiga kelele majini. "Tia jino! We mwanamke, jino!"

Ineke alikata simu, akageuka. Boya lililokuwa bado majini lilikuwa likienda zake na mto, na gurudumu pale kokotoni lilikuwa likizunguka kwa kasi, likitapika mshipi mwingi kuliko maji yalivyoweza kuubeba. Alipolishika, mshipi ulikuwa umeshasokotana kama tambi zilizosahaulika jikoni.

Ros alikuja akitembea kwa vishindo, akamwonyesha kidude kidogo nyuma ya gurudumu. Alikisukuma kwa kucha. Tik. Sasa gurudumu lilizunguka kwa shida, likikwaruza kila hatua.

"Hili ni jino. Ukivua, linatoka. Huwezi kupeleka boya jino likiwa ndani, unaona lilivyo zito? Ukiweka fimbo chini au ukitembea nayo, unalitia. Kila anayeanza husahau. Mara moja. Ukishakaa siku nzima unafumua mshipi kwa meno, hata nyumba iwe inaungua, huweki pini chini bila kutia jino."

Ineke alikuwa ameshaitoa picha kwenye bahasha.

"Hii ni fimbo ya Alistair, kama konstebo wa kwanza alivyoikuta, kabla haijaguswa. Niambie unachoona."

Ros aliipokea kwa vidole vilivyolowa. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Alitazama, na polepole hasira ikamtoka usoni, ikaingia nyingine.

"Ilikuwa wapi?"

"Ukingoni mwa kilindi cha Daraja la Reli. Mwili ulikuwa majini hapo chini."

"Na nani aliukunja mshipi?"

"Hakuna aliyeukunja."

"Acha mchezo. Mshipi umekunjwa ndani ya gurudumu mpaka kwenye boya. Ndoana imetundikwa kwenye pete ya pili ya fimbo. Na jino hilo hapo, limetiwa. Hii ni fimbo ya mtu anayetembea, Sajini. Si ya mtu aliyekuwa anavua."

Ineke alitoa karatasi ya pili, ushahidi wa Mwalimu Prudhomme wenye saini yake, akasoma: "'Nilikuwa juu ya daraja tangu saa moja na nusu. Nilimwona Penhale akivua kwenye kilindi. Boya lake lilikuwa katikati ya maji wakati Thiessen alipomjia kwa nyuma na kumsukuma. Fimbo ilimtoka mkononi ikaangukia kokoto. Thiessen alikimbia papo hapo. Niliteremka kumwokoa, nikashindwa. Sikugusa fimbo wala kitu kingine mpaka polisi walipofika.'"

Upepo ulivuma. Ros alikuwa amefumba macho.

"Boya katikati ya maji," alisema. "Basi mshipi ulipaswa kuwa mtoni wote, mpaka ziwani."

"Pima kutoka boya mpaka ndoana kwenye picha. Rula iko pembeni."

"Sina haja ya rula. Futi nne. Kilindi cha Daraja ni futi kumi na moja. Alistair alikuwa mshenzi, lakini hakuwa mjinga wa kuvua futi nne pale."

"Maji ya futi nne na kidogo yako wapi? Yenye samaki, wiki hii?"

Ros aliutazama mto kuelekea juu. "Pale pangu. Palipokuwa pangu. Tulipaita Jikoni, kwa sababu mtu aliyeko dirishani jikoni anakuona ukivua. Ni nusu kilomita kutoka daraja, ukiupanda mto."

"Dirisha la nani?"

"La Mwalimu. Ni ardhi yake. Aliniruhusu mimi tu, miaka yote hiyo, kwa sharti nisiseme." Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Video ilipotoka, wavuvi walijaa kwenye bustani yake. Mimi nilipiga kelele mjini kote. Yeye hakusema hata neno. Nikamwona mstaarabu."

Jengo la chama lilikuwa stesheni ya zamani ya reli. Wanaoanza walikuwa tisa, wote watu wazima, wamekaa kwenye viti vya kukunja na pini za kuazima magotini. Mwalimu Prudhomme alikuwa na miaka sabini na moja, sweta safi, sauti ya upole iliyofika mpaka nyuma bila kupandishwa. Alipomwona Ineke mlangoni alitabasamu.

"Sajini! Karibu. Chai iko pale, na vitumbua vya siagi. Kuna jambo limetokea?"

"Endelea, Mwalimu. Nimekuja kujifunza."

Aliendelea, maana mtu huyo alipenda kufundisha. Alieleza gurudumu, boya, vijirisasi vya kuzamishia chambo. Akasimama na kuinua kidole. "Na kanuni ya kwanza? Kabla ya kurusha, kabla ya samaki, kabla ya kila kitu?"

"Jino!" darasa likajibu kwa pamoja, likacheka.

"Jino," alisema Mwalimu. "Miaka thelathini na moja ninavua. Sijawahi kuacha pini wazi. Hata mara moja."

"Naomba dakika moja," Ineke alisema, akasimama. "Ulichokiona Jumanne, Mwalimu. Fimbo ilimtoka mkononi boya likiwa majini. Ndivyo?"

Tabasamu lilibaki, lakini macho yalitazama saa ya ukutani. "Si mbele ya wanafunzi, Sajini. Wengine walimfahamu marehemu."

"Ni ndivyo au sivyo tu."

"Ndivyo. Nimeshaandika."

Ineke alimwendea mama mmoja wa mstari wa mbele, daktari wa meno aliyeitwa Oonagh Whitcombe. "Mama, nishikie fimbo hii. Toa jino." Akalishika boya mkononi na kutembea nalo kuelekea mwisho wa ukumbi, kwa mwendo wa maji. Gurudumu likalegeza mshipi kimya kimya. Alipofika katikati alisema, "Sasa iangushe."

"Niiangushe? Si itaharibika?"

"Iangushe, mama."

Fimbo ilianguka kwenye mbao. Ineke hakusimama, na gurudumu nalo halikusimama. Mshipi ulimwagika sakafuni, kitanzi juu ya kitanzi, mpaka mtu mmoja nyuma akasema, "Yesu wangu."

Ineke aliinua picha. "Hii ndiyo fimbo iliyomtoka Alistair Penhale mkononi. Mshipi umekunjwa. Jino limetiwa."

Mwalimu aliitazama picha kwa muda usiozidi pumzi mbili.

"Jiwe linaweza kugonga jino likaingia," alisema.

"Na jiwe hilohilo likakunja mshipi wote, likatundika ndoana kwenye pete ya pili?"

"Basi labda niliiweka sawa mimi mwenyewe, baada ya kushindwa kumwokoa. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Mtu husahau."

"Uliapa hukugusa."

"Nimesema nilichanganyikiwa!"

"Sawa. Uliigusa. Na boya je? Liko futi nne. Wafundishe, Mwalimu. Kilindi cha Daraja mtu anavua futi ngapi?"

Jibu lilitoka kwa daktari wa meno, ambaye alikuwa mwanafunzi mzuri na hakujua bado anachokifanya: "Kumi na kidogo. Ulituambia wiki iliyopita."

Mwalimu alikaa. Alikikalia kiti cha mwanafunzi, mikono juu ya magoti, na alipozungumza upole ulikuwa umeisha.

"Hamjui lolote. Watu kumi na wanne, Sajini! Kumi na wanne, siku moja, kwenye bustani yangu, wanakojolea waridi alizopanda mke wangu kabla hajafa. Nilimwandikia barua, hakujibu. Jumanne nikamkuta yeye mwenyewe pale Jikoni, anavua, mbele ya dirisha langu. Nikamwambia atoke. Akacheka. Akaniambia mto hauna mlango, akaenda kurusha tena."

"Ukamsukuma."

"Nilitaka atoke! Aligonga kichwa, maji yakambeba. Ningefanya nini?"

"Ungeita watu. Badala yake ulikunja mshipi wake, ukatia jino, ukaibeba fimbo nusu kilomita ukimfuata mpaka alipokwama." Ineke aliinama usawa wa macho yake. "Na Ros? Mwanamke uliyemwamini kwenye ardhi yako miaka kumi na tisa?"

"Alikwishasema mwenyewe atamzamisha. Mji mzima ulikuwa umeshaamini." Aliinua kidevu, jeuri kama mtu anayesahihisha mtihani. "Mimi niliwapa tu wanachokitaka. Hata Inspekta wako alinishukuru."

Hilo lilimchoma Ineke kwa sababu lilikuwa kweli. Alimsimamisha, akamsomea haki zake mbele ya darasa lake, neno kwa neno, bila kuharakisha. Konstebo wawili waliokuwa wakingoja nje walimchukua. Mama Whitcombe alikuwa akilia na bado ameshika kikombe.

Ineke alipiga simu palepale, kwenye ngazi za stesheni.

"Afande, nimekamata mtu. Kabla ya saa sita, kama ulivyoagiza."

"Hatimaye! Yuko seli?"

"Mwalimu Prudhomme yuko njiani kuja huko. Thiessen hashtakiwi."

Upande wa pili yalimwagika maneno mengi. Ineke aliyasikiliza yote. "Ripoti nitaiandika jinsi ilivyotokea," alisema yalipokwisha, "pamoja na siku nne tulizompotezea. Kama unataka kunirudisha barabarani baada ya kuisoma, Jumatatu nitakuja na koti langu la kuakisi mwanga." Akakata.

Ros alikuwa ameegemea lori lake ng'ambo ya barabara, mikono kifuani, kidevu juu, tayari kwa ugomvi na yeyote atakayetoka mlangoni. Alikuwa ameliona gari la polisi likiondoka, na aliyekuwa ndani yake.

"Kwa hiyo?" alisema.

"Kwa hiyo uko huru. Amekiri mbele ya watu tisa."

"Sikuwahi kuwa na hatia ya kunifanya nifunguliwe. Usitegemee nitakushukuru."

"Sitegemei."

"Na yale niliyomwambia mgahawani siyafuti."

"Hakuna aliyekuomba uyafute."

Ros alifungua mlango wa lori, akaweka mguu ndani, akautoa. Alitafuta neno jingine la kumtupia, akakosa. Alimtafuta mtu mwingine wa kumkasirikia barabara nzima, juu na chini, na barabara ilikuwa tupu.

"Tangu Jumanne nilikuwa na nyinyi wa kugombana nao," alisema, na sauti ikaanza kumponyoka. "Sikupata hata nafasi..." Alishika mlango kwa mikono miwili. "Alikuwa rafiki yangu, Sajini. Yule mpumbavu. Alikuwa rafiki yangu."

Ineke alivuka barabara, akasimama karibu naye, akamwacha alie.